Utangulizi: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo mara nyingi hununua vyote kwa siku moja: tangi la kioo, changarawe za rangi, na samaki kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki. Jioni hiyo maji yanang'aa na watoto hawabanduki mbele ya kioo. Siku chache baadaye samaki wanatweta juu ya maji, kisha wanakufa mmoja mmoja. Hulaumiwa muuzaji, hulaumiwa chakula, ilhali mara nyingi kosa ni la mpangilio tu: samaki waliingia kabla maji hayajawa tayari. Somo la tangi lenye mimea hai linaupindua mpangilio huo. Maji hutangulia, mimea hufuata, samaki huja mwisho.

Somo lenyewe lilianzia maabara kabla ya kufika sebuleni. Mwaka 1779 daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, alichapisha London majaribio yaliyoonyesha kuwa majani yaliyozamishwa majini hutoa viputo yakipigwa na jua, na gizani huacha. Hewa iliyomo katika viputo hivyo ndiyo tunayoiita oksijeni. Mwaka 1850, katika jiji hilohilo, mkemia Robert Warington alieleza habari za chombo alimoweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria. Mambo yalikwenda vizuri hadi majani makuukuu yalipooza na kuchafua maji. Alipoongeza konokono, wakayala majani yale, na maji yakatakata. Hoja aliyoitoa haijapitwa na wakati: mnyama, mmea na mla uchafu wanategemeana.

Aliyekosekana katika hesabu yake ni kiumbe asiyeonekana kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu, na ukali wake hupanda kadiri maji yanavyozidi joto na ualkali. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi Sergei Winogradsky alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kuibadili: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo samaki huistahimili. Bakteria hawa hujishikiza kwenye mchanga, mawe, majani na sponji ya kichujio, na katika tangi jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 ili wawe wa kutosha. Kwa hiyo maji kuwa maangavu si ushahidi kuwa ni salama, kwani amonia haina rangi. Ushahidi hutolewa na kipimo: amonia na nitriti zikisoma sifuri ilhali nitrati ipo, maji yameiva.

Hapa ndipo mimea inapokuwa zaidi ya pambo. Mimea mingi ya majini hunyonya amonia moja kwa moja, tena huipendelea kuliko nitrati. Ukipanda kwa wingi tangu siku ya kwanza, unapata wasaidizi kabla bakteria hawajakomaa. Nayo mimea ina mahitaji yake matatu: mwanga, hewa ukaa na madini. Katika hayo, linalosumbua zaidi ni hewa ukaa, kwa sababu gesi husambaa ndani ya maji polepole mara takriban 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Mwanga ukiwa mkali huku hewa ukaa ni haba, mimea hushindwa kuutumia, na mwani hupata nafasi ya kutawala. Wanafunzi wengi wakiona mwani hukimbilia dawa. Dawa ya kwanza ni kupunguza saa za taa. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha kwa kuanzia, na tangi lisiwekwe mahali linapopigwa na jua la dirishani.

Wataalamu wa fani hii hawasemi kwa sauti moja, na ni vizuri msomaji ajue mapema. Mjapani Takashi Amano (1954–2015), mpiga picha kutoka Niigata, alijenga mandhari za milima na misitu ndani ya kioo kwa kutumia taa kali, hewa ukaa ya mtungi na ukataji wa majani wa mara kwa mara. Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999, alitetea njia ya upole: udongo wa kawaida chini ya changarawe, mwanga wa wastani, samaki wachache, na kuuachia uozo kazi ya kutoa hewa ukaa. Njia ya Amano hukuza haraka, na huadhibu haraka anayezembea. Njia ya Walstad haina haraka, na gharama yake ni ndogo. Kwa maoni yangu anayeanza aanze na ya pili, kwa kuwa inamfundisha kutazama kabla ya kurekebisha.

Tangi la kwanza lisiwe dogo sana, maana maji machache hubadilika ghafla. Lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 hubeba lita 54. Pamoja na mchanga na mawe uzito wake hupita kilo 60, kwa hiyo meza iwe imara. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo siku nzima, ila kama mamlaka ya maji hutumia kloramini, hiyo haitoki kwa kuachwa na inahitaji dawa yake. Maji ya visima vya pwani yapimwe chumvi kwanza. Mikoa ya joto haihitaji hita. Tatizo letu ni kinyume chake. Maji yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Msimu wa joto ukifika, punguza samaki na uongeze mtikisiko wa uso wa maji.

Kuhusu mimea, mingi inayouzwa hukuzwa vitaluni majani yakiwa nje ya maji. Ukiizamisha, majani ya zamani huoza na mapya huchipua, basi usiing'oe kwa kudhani imekufa. Anubias, mmea wa kingo za mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, hufungwa juu ya jiwe au gogo. Shina lake likifukiwa huoza. Vallisneria ileile ya Warington huota pia katika Ziwa Tanganyika, na hustahimili maji magumu ambayo mimea mingine huyakimbia. Ceratophyllum, inayopatikana Ziwa Victoria, haina hata mizizi: huelea tu na kunyonya kwa kasi. Mwanafunzi mwenye mimea hii mitatu ana pa kuanzia.

Liko jambo moja ambalo somo hili halina ruhusa ya kulinyamazia. Gugumaji, mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, uliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaziba bandari na kuwanyima wavuvi njia. Mmea unaopendeza ndani ya kioo unaweza kuwa janga mtoni. Kwa hiyo vipande unavyokata vikaushe juani kisha uvizike au uvichome, na samaki uliyemchoka mpe mfugaji mwingine. Kamwe usivimwage mtaroni, mtoni wala ziwani.

Jaza maji, panda mimea, pima kila wiki na uandike daftarini. Samaki wasubiri hadi vipimo viseme ndiyo.