Wingu Linavyozaliwa Ngoingwa

Paukwa!

Pakawa!

Hadithi ya leo, wajukuu zangu, haina sungura wala fisi. Ina wingu, ina mtaa wetu wa Ngoingwa hapa Thika, na ina simu mtakayomwomba mama.

Aprili, msimu wa mvua za masika, amkeni saa kumi na mbili asubuhi mtazame kaskazini. Kukiwa kweupe mtauona Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Upigeni picha. Saa nne rudini, msimame palepale, muelekeze simu kulekule. Mara nyingi mtakuta mlima umeshajifunika.

Wingu hilo halikuja likiwa tayari. Limezaliwa hapo hapo. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukiufikia mlima hukosa njia, ukapanda. Hewa inapopanda hupoa, na ikipoa, mvuke msiouona hugeuka matone madogo mno. Matone hayo yakikusanyika, ndilo wingu.

Sasa geukeni kusini-mashariki, upande wa Kilimambogo. Jua likishaipasha ardhi, vitachomoza vijiwingu vyeupe kama pamba. Viangalieni chini: vyote vimekatika sawasawa, kana kwamba vimepimwa. Ni kwa sababu hewa inayopanda kutoka uwanda ule hufikia baridi ya kuugeuza mvuke kwenye kimo karibu kimoja. Kuanzia hapo, kila kijiwingu hukua kivyake.

Kipigeni picha kimoja kila baada ya dakika kumi. Kikibaki kifupi, endeleeni kucheza. Kikirefuka kuliko upana wake na tumbo likawa jeusi, anueni nguo. Mkisikia radi, ingieni ndani mara moja, hata picha iwe nzuri vipi. Wala msilitazame jua lenyewe, linaharibu macho.

Mwaka 1802, mtengeneza dawa wa London aitwaye Luke Howard aliyapanga mawingu na kuyapa majina ya Kilatini. Mwaka 1896 ikachapishwa atlasi ya kimataifa ya mawingu, yenye picha, ili watazamaji wa nchi mbalimbali waelewane. Leo inasimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na imeyagawa mawingu katika jamii 10.

Nanyi anzeni atlasi yenu. Kando ya kila picha andikeni tarehe, saa na upande mlioelekea. Bila hayo mtakuwa na picha nzuri tu. Mkiwa nayo, mtaweza kulinganisha siku na siku.

Julai ikifika, pigeni tena, palepale. Mtakuta mbingu ya kijivu, wingu la chini lililotanda kutwa bila kurefuka. Kwa nini hili halipandi kama lile la Aprili? Sitawaambia. Saa nane mchana wekeni kiganja juu ya ardhi, mkumbuke ni nini kiliipandisha hewa kule Kilimambogo. Kisha nyinyi ndio mtakaonisimulia.