Dar es Salaam hadi Dodoma kwa gari la umeme: Hesabu uniti kabla ya kilomita

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma kupitia Morogoro ina urefu wa takribani kilomita 450, na hutumiwa kila siku na watumishi wa umma, wafanyabiashara na familia zinazosafiri kati ya jiji kuu la biashara na makao makuu ya nchi. Dereva wa gari la petroli huianza safari hiyo kwa kujaza tangi na kuondoka. Mwenye gari la umeme huianza usiku uliotangulia, kwa kuwa swali lake la kwanza ni uniti ngapi za umeme zitahitajika na zitapatikana wapi njiani.

Wengi wanaomiliki magari hayo nchini huyatumia mjini: asubuhi kazini, jioni nyumbani, usiku kwenye chaji. Kwa matumizi hayo gari la umeme halimsumbui mwenyewe. Safari ndefu ni mtihani mwingine. Makala hii inaeleza mambo ambayo dereva hukutana nayo anapolipeleka gari la umeme safari ndefu kwa mara ya kwanza, na hesabu anayopaswa kuifanya ili afike salama bila kukwama.

Kinachoonekana katika kilomita za mwanzo

Jambo la kwanza ni ukimya. Hakuna muungurumo wa injini wala kubadilisha gia. Kinachosikika ni matairi na upepo. Ukimya huo hupunguza uchovu wa safari, lakini unadai uangalifu zaidi vijijini na kwenye magulio ya kando ya barabara, kwa kuwa watembea kwa miguu na mifugo hawasikii gari likikaribia.

Jambo la pili ni wepesi wa kuongeza mwendo. Mota ya umeme hutoa nguvu yake papo hapo, hivyo kulipita lori kwenye mlima huchukua muda mfupi kuliko dereva alivyozoea. Kanuni za usalama hazibadiliki kwa sababu hiyo: mstari usiokatika haupitwi, na spidi ya kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu inabaki kuwa 50.

Jambo la tatu ni breki. Dereva anapoinua mguu kwenye pedali ya mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta: gari hupunguza mwendo na wakati huohuo hurudisha umeme kwenye betri. Baada ya saa chache dereva hujifunza kuachia pedali mapema anapoona tuta au kona mbele, na huigusa breki mara chache. Uwezo huu hupungua sana betri ikiwa imejaa kabisa, kwa kuwa umeme unaozalishwa hauna pa kuhifadhiwa. Katika kilomita za kwanza baada ya kuchaji hadi asilimia 100, dereva asilitegemee gari kujipunguza mwendo lenyewe.

Uniti ileile ya LUKU

Ukubwa wa betri ya gari hupimwa kwa kilowati-saa, kipimo kilekile ambacho mwananchi hukinunua kwa jina la uniti anapoweka LUKU. Betri yenye uniti 60 ni ya ukubwa wa wastani kwa magari mapya ya sasa. Kwa mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, na kiyoyozi kikiwa katika kiwango cha kawaida, gari la ukubwa wa wastani hutumia takribani uniti 17 kwa kila kilomita 100.

Kwa hesabu hiyo betri iliyojaa hutosha kilomita 350 hivi. Umbali unaotajwa kwenye tangazo la gari mara nyingi huwa mkubwa zaidi, kwa sababu vipimo vya viwandani huchanganya mwendo wa mjini na wa barabara kuu. Gari la petroli hutumia mafuta mengi zaidi mjini na machache kwenye barabara kuu. Gari la umeme ni kinyume chake. Kwenye foleni mota isiyozunguka haili umeme, na kila kupunguza mwendo hurudisha kiasi fulani kwenye betri. Kwenye barabara kuu gari hupambana na upepo bila kupumzika.

Mwendo na mwinuko

Upinzani wa hewa huongezeka kwa kasi kuliko spidi yenyewe. Gari linapotoka kilomita 90 na kufikia 110 kwa saa, nguvu ya hewa inayolizuia huongezeka kwa karibu nusu, na matumizi yanaweza kupanda kutoka uniti 17 hadi 22 kwa kilomita 100. Kwa sababu hiyo, dereva akiwa na wasiwasi na chaji, hatua ya kwanza ni kupunguza spidi. Kuzima kiyoyozi huja baadaye: kwenye joto kali kiyoyozi hutumia uniti moja hadi mbili kwa saa, ilhali kupunguza mwendo huokoa zaidi ya hapo.

Mwinuko nao una gharama yake. Dar es Salaam iko pwani, Morogoro iko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma takribani mita 1,100. Kulipandisha gari lenye uzito wa tani mbili pamoja na abiria wake kwa mita 1,100 kunahitaji uniti sita, mbali na zile za kulisogeza mbele. Sehemu inayohisiwa zaidi ni baada ya Dumila, barabara inapopanda kuelekea Gairo. Hapo namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi hushuka haraka kuliko kilomita zinazopita, na dereva mgeni huingiwa na hofu. Hali hiyo si hitilafu. Mlima ukiisha, namba hutulia.

Morogoro ndiyo kiungo cha safari

Tuchukue mfano wa gari lenye betri ya uniti 60, linaloondoka Dar es Salaam likiwa limejaa. Hadi Morogoro ni takribani kilomita 190. Gari litatumia uniti 32 kwa mwendo na karibu tatu kwa mwinuko, jumla 35. Litafika Msamvu likiwa na uniti 25.

Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni takribani kilomita 260. Kipande hiki kinahitaji uniti 44 za mwendo na tatu na ushee za mwinuko, jumla karibu 48. Tukiongeza akiba ya uniti sita, yaani asilimia 10 ya betri, gari linapaswa kuondoka Morogoro likiwa na uniti 54. Kwa hiyo dereva anahitaji kuongeza uniti 29 hapo.

Muda wa kuziongeza unategemea kabisa chanzo cha umeme. Kwenye chaja ya kasi ya kilowati 50, ni takribani dakika 45, muda wa kula chakula cha mchana na kunyoosha miguu. Kwenye chaja ya ukutani ya kilowati saba, kama zinazofungwa majumbani na kwenye baadhi ya hoteli, ni zaidi ya saa nne. Kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, inayotoa kilowati mbili na ushee, ni zaidi ya saa 12, maana yake ni kulala Morogoro. Safari ni ileile na gari ni lilelile; kinachoamua kama dereva atafika Dodoma jioni au kesho yake ni aina ya chaja aliyoikuta katikati ya njia.

Mfano huo pia unaonyesha gharama ya haraka. Kwa spidi ya 110, kipande cha Morogoro hadi Dodoma peke yake kingehitaji zaidi ya uniti 60. Hata gari lililojaa kabisa lisingefika.

Safari ya kurudi ni nafuu zaidi. Gari linashuka, na sehemu ya nguvu iliyotumika kupanda hurudi kwenye betri. Kwa mwendo uleule, dereva anayetoka Dodoma na betri iliyojaa atahitaji kuongeza takribani uniti 19 tu Morogoro ili afike Dar es Salaam na akiba yake.

Plagi na tabia ya betri

Vituo vya umma vya kuchaji kwa kasi nchini bado ni vichache, na kuwepo kwa kituo hakumaanishi kuwa kitalifaa kila gari. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani yana tundu la mfumo wa CHAdeMO, ya Ulaya hutumia CCS2, na yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China hutumia GB/T. Mnunuzi anayekusudia kusafiri mbali anapaswa kulijua tundu la gari lake kabla ya kulilipia, na kupiga simu kituoni kabla ya safari kuuliza mambo matatu: aina ya plagi, kilowati za chaja, na kama inafanya kazi siku hiyo.

Betri nayo ina tabia yake. Chaja ya kasi hujaza haraka kutoka asilimia 10 hadi 80, kisha hupunguza kasi ili kuilinda betri. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda unaokaribia ule wa 60 za kwanza. Njiani, ni busara kuchaji kiasi kinachotosha kufika kituo kinachofuata pamoja na akiba, kisha kuendelea. Aidha, baadhi ya magari ya awali hayana mfumo wa kuipooza betri kwa kimiminika. Yakichajiwa kwa kasi mara mbili au tatu siku moja kwenye joto, hupokea chaji polepole zaidi kila mara.

Gharama ya safari

Kwa mfano wetu, uniti 83 zinatumika hadi Dodoma. Kwa kuwa takribani asilimia 10 ya umeme hupotea wakati wa kuchaji, zitanunuliwa karibu uniti 92. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, anayelipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, sawa na takribani shilingi 356 pamoja nazo, safari nzima hugharimu karibu shilingi 33,000. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingehitaji lita 37 na nusu. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 112,500. Tofauti hupungua pale dereva anapochaji kwenye vituo vya biashara, ambavyo huweka bei yao juu ya ile ya umeme wa nyumbani.

Wateja wa kundi la D1 wazingatie jambo moja. Punguzo la kundi hilo limewekwa kwa kaya zisizotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi. Kuijaza mara moja betri ya uniti 60 humaliza sehemu kubwa ya kiwango hicho, hivyo anayechajia gari nyumbani ajipange kulipa bei ya T1, na amtumie fundi mwenye leseni kukagua nyaya na kufunga chaja. Waya wa kurefushia wa kawaida haukutengenezwa kubeba mzigo mkubwa usiku kucha.

Kabla ya kuondoka

Dereva ajaze upepo wa tairi kwa kiwango cha mtengenezaji, apunguze mizigo ya juu ya paa na abebe waya wake wa kuchajia. Aweke pia kituo cha akiba, hata kama ni soketi ya nyumba ya wageni au ya jamaa aliyeko Chalinze, Gairo au Kibaigwa. Gari likizimika kwa kuisha chaji, lisivutwe kwa kamba magurudumu yake yakizunguka, kwa kuwa mota inaweza kuharibika. Libebwe juu ya gari la kubebea magari.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inawasafirisha abiria kwa umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa mwenye gari, kilichobaki ni chaja zinazofaa katika maeneo yanayofaa, na kwa hesabu iliyoonyeshwa hapa, Morogoro ni la kwanza miongoni mwa maeneo hayo. Hadi zitakapoenea, wananchi wanaokusudia kusafiri kwa magari ya umeme wanashauriwa kupanga safari kwa uniti, kuendesha kwa mwendo wa wastani, na kutoondoka kituo kimoja kabla ya kuthibitisha kinachofuata.