Amri za Minecraft, Sehemu ya Tano: Kashika Nini, Kavaa Nini?

Tangu sinema ya Minecraft itoke Aprili 2025 na mapato yake kuvuka dola milioni 900, magazeti yetu yameuandika mchezo huu kana kwamba umezaliwa juzi. Wamehesabu fedha, wamewataja waigizaji, basi. Mchezo uliwekwa hadharani mara ya kwanza Mei 2009 huko Sweden, toleo kamili likafuata Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikaununua kwa dola bilioni 2.5. Hapo Nairobi, UN-Habitat imekuwa ikiutumia tangu 2012 kuwawezesha wakazi wa mijini kuchora viwanja vyao vya wazi. Kwetu Bugwema, mkoani Mara, vijana wanaucheza kwenye simu, wakipokezana, na wengi hawajui kwamba ndani yake mna somo la mantiki ambalo shule ingelifundisha kwa mihula miwili.

Waliofuatilia sehemu nne zilizopita wanakijua kiteuzi @a, yaani wachezaji wote, na @s, yaani yule anayetekeleza amri. Wanaijua pia bloku ya amri na namna ya kuifanya irudie kazi bila kuchoka. Leo tunaiuliza mashine swali moja tu: huyu mtu ana nini mkononi, na amevaa nini?

Kwenye toleo la kompyuta, amri ni hii:

execute as @a if items entity @s weapon.mainhand minecraft:torch run say Mwenge umepita

Isome polepole. Kwa kila mchezaji, ikiwa mkononi mwake pana mwenge, atangaze kwamba umepita. Neno zito humo ni if, yaani “ikiwa”. Badala ya weapon.mainhand unaweza kuweka weapon.offhand kwa mkono wa pili, au armor.head, armor.chest, armor.legs na armor.feet kwa kichwa, kifua, miguu na nyayo. Ukiandika armor.* umekagua mavazi yote kwa mpigo. Utaratibu huu ulianza Aprili 2024 na toleo la 1.20.5; kabla ya hapo tulihangaika na mabano juu ya mabano.

Mtu wa Mara hahitaji kuambiwa kwamba kitu cha mkononi kinasema. Mwalimu wa Butiama alitambulika kwa kifimbo chake, Kenyatta kwa mgwisho, Moi kwa rungu, na Mobutu alikusanya vyote viwili, fimbo mkononi na kofia ya chui kichwani. Lakini hao walichagua wenyewe cha kushika. Historia ninayotaka vijana waijue ni ya waliolazimishwa kuvaa.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya, ng’ambo tu ya Sirari, ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume aliyefikisha miaka 16 alipewa kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa. Karatasi ilikunjwa ikatiwa kwenye kikasha cha chuma, kikasha kikaning’inizwa shingoni kwa kamba, kama kengele ya mbuzi. Askari alipokutana na mtu njiani hakuhitaji kumjua. Alitazama shingo. Hakuna kikasha? Kamata. Kipo? Fungua, tazama kama mwajiri wa mwisho ametia saini ya kumwachia. Hajatia? Huyo ni mtoro, kamata.

Hebu niambie, msomaji, hiyo ni nini kama si execute if items? Sharti la kwanza ni kitu kilichovaliwa, sharti la pili ni kilichoandikwa ndani ya kitu hicho, na mwisho wa mstari ipo run. Mwanaharakati Harry Thuku alipokipinga kipande pamoja na kodi, alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 mwezi huo watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kipande cha Waafrika peke yao hakikuondolewa hadi 1947, kilipoletwa kitambulisho cha watu wa rangi zote. Huku Tanganyika, kwenye mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Hakikuvaliwa shingoni, ila bila kukijaza hukuupata mshahara wako.

Nimekaa sana huko, lakini si bure. Mkoloni alitia alama za vidole kwa sababu karatasi tupu hughushiwa. Mchezoni ni vilevile. Ukiagiza mlango umfungukie mwenye karatasi iitwayo “Kibali”, mchezaji mjanja atakwenda kwenye fuawe, ataipa karatasi yake jina hilo, na atapita. Dawa yake ni kuipachika karatasi halisi alama ya custom_data, ambayo fuawe haiwezi kuiweka, kisha amri ikague alama hiyo badala ya jina.

Hata viumbe wa mchezo wana ukaguzi wao. Tangu Juni 2020 wapo piglin, watu-nguruwe wa kuzimu, wanaomwacha apite mtu aliyevaa walau kipande kimoja cha dhahabu. Ushike upanga wa dhahabu bila kuvaa kitu, watakushambulia tu. Aliyewatunga aliamua kwamba kuvaa na kushika ni mambo mawili, na uamuzi wake ndio sheria ya nchi ile.

Sasa kwa wenye simu, ambao ndio wengi huku kwetu: toleo lenu halina if items. Lenu ni hasitem, linaloingia ndani ya kiteuzi chenyewe, pamoja na item kwa jina la kitu na location kwa mahali, mfano slot.weapon.mainhand au slot.armor.head. Ukiweka quantity=0 unampata asiye nacho. Ruhusuni kwanza amri kwenye mipangilio ya dunia yenu. Kijana mmoja alinionyesha simu yenye kioo kilichopasuka, akilalamika kwamba amri imegoma. Alikuwa ameandika diamond sword kwa nafasi katikati badala ya mstari wa chini. Mashine haina huruma, na hiyo ni tabia njema kwa mwanafunzi mvivu.

Walimu wanaongoja kompyuta ndipo waanze wananikera. Sharti linaandikika kwa chaki. Anayecheza tu anakaguliwa na masharti ya wengine, na babu zetu walishakaguliwa vya kutosha.

Zoezi la wiki hii, kwa kalamu na karatasi: andika amri inayomtangaza mchezaji aliyevaa kofia ya dhahabu na kushika karatasi mkono wa pili, vyote kwa pamoja. Jina la kofia ni golden_helmet. Utahitaji if mbili katika mstari mmoja. Majibu tutayapitia katika sehemu ya sita.