Kumtafuta Babu Katika Madaftari ya Vita

Katika nyumba nyingi za Kambove na Likasi imo habari ya mzee aliyechukuliwa kwenda vitani zamani za Wabelgiji, na wajukuu, wakiulizwa, hawana la kuongeza ila kwamba alikuwa askari wa Bula Matari, yaani serikali ya koloni. Mwenye kutaka kuithibitisha habari hiyo kwa hati, sharti kwanza abainishe ni vita vipi.

Force Publique, jeshi la koloni ya Kongo, lilipigana mbali na kwao mara mbili. Mara ya kwanza, chini ya Jenerali Charles Tombeur, aliyekuwa ameitawala Katanga kutoka Élisabethville, liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na mwaka uliofuata likafika Mahenge; mara ya pili lilipanda milima ya Abisinia hata Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri huko Saio, Julai 1941, na baadaye askari wa Force Publique wakapelekwa Nigeria na Misri, na hospitali ya vitani ya jeshi hilo ikafika Burma. Basi ikiwa nishani imesalia sandukuni, itazamwe utepe wake kabla ya kusuguliwa, kwani kibao chembamba cha madini kilichobanwa hapo, chenye neno MAHENGE au BIRMANIE, chatosha kuonyesha mzee alikofika.

Mas'ala ya jina ni magumu zaidi. Karani aliandika kama alivyosikia, kwa tahajia za Ulaya, hata Mwamba akawa Muamba au Moamba; kisha mwaka 1972 amri ya Mobutu ikawavua raia majina ya Kikristo, na miji nayo ilikuwa imekwisha badilika, Jadotville ikawa Likasi na Élisabethville ikawa Lubumbashi. Kwa hiyo namba ya matrikule, yaani namba ya askari jeshini, ikipatikana katika kijitabu au cheti cha kuachishwa, ni ya kutegemewa kuliko jina. Na ikikosekana, madaftari ya ubatizo ya parokia aghalabu hutaja baba na kijiji cha asili.

Nyaraka nyingi za iliyokuwa Wizara ya Makoloni zimehamishiwa Hifadhi ya Dola mjini Brussels. Barua ya kuomba msaada iandikwe kwa Kifaransa, ikitaja usultani, wilaya, batalioni na miaka. Maana afisa wa Kizungu huwa na jalada lake peke yake, hali askari Mwafrika mara nyingi hutafutwa ndani ya ripoti za kikosi chake. Njia ya kila batalioni katika vita vya kwanza imeelezwa katika historia rasmi ya Kibelgiji iliyochapwa kwa juzuu tatu, kati ya 1927 na 1932.

Walakini wengi waliokwenda Tabora hawakushika bunduki. Wapagazi walizidi 200,000, nao walihesabiwa kwa vichwa na mizigo, wachache tu wakiandikwa majina. Hivyo daftari kutomtaja mzee si hoja ya kumkana. Hata wale wa vita vya pili karibu wamekwisha wote: Koplo Albert Kunyuku, aliyetumikia Burma, alipewa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa, Juni 2022, akiwa tayari ametimiza miaka mia. Waliobaki ni watoto wa wapiganaji, wazee wa leo. Maneno yao yaandikwe sasa, pamoja na jina la msemaji, tarehe, na yule aliyemsimulia, kwani kwa jamaa wa mpagazi hiyo ndiyo hati ya pekee watakayoipata.