Asiyekuwapo na Lake Halipo: Habari za Wavuvi wa Alaska



Sisi tunaochuma chai kwa kilo tunaijua kazi ya kukimbizana. Mizani ikikaribia kufungwa kila mtu hukimbia, hata mwenye homa. Leo tunawaletea habari za wavuvi wa Alaska, huko Marekani, waliokimbizana namna hiyo baharini mpaka Serikali ikaingilia kati. Wako mbali nasi, lakini yaliyowapata yanatuhusu.

Samaki wao huitwa halibuti. Ni wa jamaa ya gayogayo: mwili bapa kama sinia, macho yote mawili upande mmoja, naye hulala chini kabisa ya bahari. Mkubwa wake huweza kupita kilo 200. Huvuliwa kwa mshipi mrefu wenye mamia ya ndoana. Kutia chambo, kupasua samaki na kuwapanga katika barafu ni kazi ya mikono ya mabaharia.

Halibuti hukua polepole, na akivuliwa ovyo huadimika. Kwa hiyo mwaka 1923 Marekani na Kanada zilitia sahihi mkataba wa kumlinda, zikaunda tume ya pamoja. Kwanza uvuvi ulifungwa miezi mitatu ya baridi. Kuanzia 1932 kikawekwa kipimo: uzito fulani ukishavuliwa, bahari inafungwa.

Sheria hiyo iliwafaa samaki, lakini ilikuwa na kasoro moja. Kipimo kilikuwa cha wote pamoja, si cha kila chombo. Aliyewahi ndiye aliyepata. Wavuvi wenyewe walijaribu kutuliza mbio hizo. Tangu 1956 hadi 1977, kwa mapatano ya hiari, chombo kikirudi safari kilikaa bandarini siku 8 kabla ya kutoka tena. Baada ya hapo vyombo viliongezeka mno na mbio zikazidi.

Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1990, sehemu kubwa za Alaska zilifunguliwa mara mbili tatu tu kwa mwaka, saa 24 kila mara. Siku ikishatangazwa haingoji hali ya hewa. Iwe shwari au dhoruba, usipotoka umekosa riziki ya mwaka. Mabaharia walifanya kazi usiku kucha bila kulala. Vyombo vilipakiwa kupita kiasi, vingine vikazama, watu wakafa. Samaki nao walifika bandarini wote kwa pamoja, bei ikaanguka.

Mwaka 1995 Serikali ya Marekani ikabadili utaratibu. Kanada ilikwisha kutangulia mwaka 1991. Kipimo cha mwaka kikakatwa mafungu, na kila fungu likaandikwa jina la mwenyewe. Mwenye fungu huchagua siku yake ya kuvua katika msimu wa miezi kama minane. Mbio zikaisha. Ajali zikapungua, na samaki wabichi wakapatikana sokoni kwa muda mrefu kwa bei nzuri. Mema hayo tusiyafiche.

Lakini fungu liliandikwa jina la nani? Serikali ilitazama ni nani alikuwa mwenye chombo, au aliyekikodi, kilicholeta halibuti kati ya 1988 na 1990. Huyo alipewa fungu bure, kwa kadiri ya samaki walioletwa na chombo chake. Baharia aliyevuta mishipi miaka ishirini hakupewa hata kilo moja. Karatasi za kupimia samaki zilikuwa na jina la chombo na la mwenye leseni. Jina lake yeye halikuwamo. Aliruhusiwa kununua fungu, akithibitisha kuwa amefanya kazi ya uvuvi siku 150. Yaani mmoja alipewa, mwenzake akauziwa.

Tena, vyombo vilivyovua halibuti Alaska vilikuwa zaidi ya 3,000 mwaka 1994. Mwaka uliofuata vilikuwa kama 2,000. Kila chombo kilichobaki gatini kilikuwa na mabaharia wake. Na waliobaki kazini, ambao hulipwa sehemu ya mapato ya safari, katika vyombo vingine gharama ya fungu hukatwa kwanza ndipo wao wagawane.

Hata hivyo, sheria ile iliweka uzio. Mtu mmoja hawezi kukusanya mafungu bila kikomo. Na kwa kawaida anayenunua fungu la wavuvi lazima awemo chomboni mwenyewe wakati wa kuvua, ili bahari isiwe mali ya matajiri wakaao mjini. Basi tunaona kwamba sheria huweza kumkumbuka anayefanya kazi, kama wanaoiandika wakitaka au wakishurutishwa.

Ndugu, sisi hatusemi amri ya Serikali ni mbaya. Bila amri pengine halibuti wangekwisha, na bila mabadiliko ya 1995 wangekufa mabaharia wengi zaidi. Tunasema hivi: siku ya kugawa ndiyo siku ya kuwapo. Ikija mashine ya kuchuma chai, au kiwanda kikiuzwa, au zamu zikipangwa upya, tusingoje kusomewa tangazo ukutani. Tawi likutane mapema, liandike madai yake, liulize haki itaandikwa jina la nani.

Na kila mmoja atunze kadi yake ya kilo na hati zake za mshahara. Siku ya hesabu, jasho lisiloandikwa popote ni rahisi kukanwa.

Umoja ni nguvu.