Dude la hewa halipunguzi wese, mwenzenu nimeliwa!

Leo tuwaache kidogo kina kaka wenye nyumba ndogo, tuongee magari. Na dada zangu msifunge ukurasa, maana wese la huyo shemeji yetu mara nyingine mnalipa ninyi.

Mwenzenu nimeingia mkenge. Mjomba wangu ana pikapu, Hilux ya mwaka 2006, injini ya petroli ya lita 2.7. Kazi yake ni kuleta nyanya kutoka Morogoro hadi Dar, na ndiyo inayosomesha wanawe wawili. Kila jioni mzee anakaa barazani na daftari lake la mafuta, anapiga hesabu huku anaguna.

Mimi nami, kwa kiherehere changu, nikamwambia: "Mjomba, wajanja siku hizi wanatoa lile boksi jeusi la ea klina, wanafunga ea inteki ya kisasa. Gari linapumua, linakuwa jepesi, wese linapungua." Nani aliniambia? Kijiweni. Kijiweni kila mtu ni injinia.

Mjomba akanitazama. "Una hakika, mjomba?"

"Mia kwa mia. Isipopunguza, nakulipa mimi."

Hilo neno la mwisho lilinitoka tu.

Tukaenda Kariakoo, duka silitaji. Shilingi 220,000 zikatoka, tukapewa bomba linalong'aa na chujio jekundu lenye umbo la koni. Muuzaji anaapa kwa mama yake kwamba tutaokoa robo ya mafuta. Kijana wa pembeni akalifunga nusu saa. Boksi la zamani nikaliuza palepale shilingi 15,000, nikanywa soda. Kumbukeni hilo boksi, tutalirudia.

Jamani, sauti! Ukikanyaga mafuta gari linanguruma kama simba mwenye njaa. Mjomba mwenyewe alicheka, akapitisha mkono kwenye kipara. Tulivyotoka Ubungo tuliona kabisa tunaruka. Tatizo ni kwamba masikio ndiyo yaliyokuwa yanaruka, gari liko vilevile.

Nimejuaje? Daftari. Safari ya kwenda na kurudi ni karibu kilometa 390. Kabla ya dude, akijaza tangi pomoni, akarudi na matenga 20 ya nyanya na kujaza tena sheli ileile, ziliingia lita 45.6. Baada ya dude, njia ileile, matenga yaleyale 20, ziliingia lita 46.3. Sisemi dude lilikula hiyo nusu lita na ushee, foleni ya Kimara peke yake inaweza kuimaliza. Ila ile robo tuliyoapiwa iko wapi?

Nikaenda kwa fundi wetu wa zamani, mzee asiyependa maneno mengi. Siku hiyo aliongea. Injini ya petroli, alisema, haichomi hewa tupu. Kila gramu moja ya petroli inataka gramu 14.7 hivi za hewa. Pale kwenye bomba kuna sensa inayopima hewa, na kompyuta ya gari inamwaga petroli kulingana nayo. Kwa hiyo ukiingiza hewa zaidi, na petroli inaingia zaidi. Unapata nguvu, hupati nafuu ya mafuta. Halafu ukiwa unatembea kawaida, mguu wako wenyewe umeubana ule mlango wa hewa, haufunguki wote. Sasa chujio linalopitisha hewa nyingi litasaidia nini wakati mlango umefungwa nusu?

Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge kule Marekani ilitoa majibu ya jambo hilihili. Walichukua magari ya kisasa ya petroli wakayaziba machujio makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana. Kilichopungua ni mchomoko, lile la kukanyaga gari likaruka. Magari ya kabureta ndiyo yaliyoonyesha tofauti kidogo ya mafuta, asilimia 2 hadi 6. Sasa kama chujio lililoziba halikuongeza ulaji, chujio jekundu la 220,000 litaupunguza kwa uchawi gani?

Na bado. Koni yetu ilikaa wazi chini ya boneti, jirani na injini. Lile boksi la kiwandani huvuta hewa kutoka ndani ya madigadi, ambako kuna ubaridi. Hewa ikipanda joto nyuzi 3 hivi, unapoteza kama asilimia 1 ya uzito wake. Piga hesabu kwenye foleni ya saa nane mchana. Tulilipa hela kununua hewa ya moto!

Tuwe wakweli, wanaoshindana mbio, waliobadili injini nzima na kukanyaga hadi mwisho, wanaweza kupata farasi kadhaa huko juu. Matenga ya nyanya hayashindani mbio na mtu.

Kilichonitoa jasho ni alichofanya fundi mwishoni. Alifungua bomba, akapitisha kidole ndani, upande wa baada ya chujio. Kidole kikatoka na vumbi jekundu, laini kama poda ya mtoto. Tulikuwa na wiki tatu tu tangu tulifunge, na nyanya zile zinafuatwa shambani kwenye barabara ya vumbi. "Hili linakwenda kusugua ringi na silinda," alisema. "Mpe mwaka, mjomba wako ataanza kuongeza oili kila wiki."

Nilifikiria wale watoto wawili na ada zao, koo likakauka.

Tukaanza kulisaka boksi la zamani. Yule niliyemuuzia alishaliuza. Tulizunguka siku mbili, tukapata la mtumba, 70,000, na chujio jipya la karatasi juu yake. Dude jekundu nimeliweka uvunguni, nimelitangaza kwa 100,000, hakuna hata aliyeuliza.

Mjomba hakunigombeza. Alifungua daftari, akageuza ukurasa mpya, akaandika jina langu juu, chini yake 290,000. Jumamosi iliyopita nilipeleka 20,000 za kwanza. Nikamwamkia, akaitikia, akazihesabu mara mbili.