Sikukuu bila ya kunenepa: Siri imo ndani ya finjani ya kahawa

Siku ya mwanzo ya Idi, mjini Ibra, saa mbili za asubuhi. Nilikuwa bado naamkiana na watu mlangoni wakati sinia lilipowekwa chini: tende, haluwa, matunda yaliyokatwa, na pembeni dele la kahawa. Hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza. Binamu yangu aliyekuwa akinitembeza alinihesabia kwa vidole nyumba zilizobaki. Saba, kabla ya adhuhuri.

Yeye mwenyewe hakuigusa haluwa. Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa kijana, na kwa miaka mingi alijulikana kwa kupenda kula. Kisukari kimeshamchukulia vidole viwili vya mguu wa kulia. Aliponiona naona haya kula mbele yake, alinambia: "Kula, ndugu yangu. Ila usile kama nilivyokuwa nikila mimi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Mimi ni mtu wa kuishi ugenini, na sikukuu zangu nyingi nazila kwenye majumba ya watu. Najua uzito wa kumwambia mwenyeji "sitaki".

Msomaji asiyeijua Oman huenda akashangaa kusikia Kiswahili kikizungumzwa barazani Ibra, Sur au Nizwa. Majahazi ya Sur yalikwenda na kurudi Zanzibar kwa pepo za msimu kwa karne nyingi, na familia nyingi za Sharqiyah na Dakhiliyah zilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi walirejea. Ndiyo maana kwenye sinia la Idi utakuta haluwa ya Nizwa imekaa pamoja na visheti na vitumbua.

Wiki moja kabla, masoko ya sikukuu hujaa. Nizwa, wanyama huzungushwa mbele ya wanunuzi na bei hupandishwa kwa sauti. Ibra nako kuna soko la wanawake la kila Jumatano. Halafu hufuata siku tatu za kula. Desturi ya wengi ni kuanza na arsia, wali uliopondwa na nyama, ndugu wa bokoboko letu. Siku ya pili ni mishkaki. Siku ya tatu hufukuliwa shuwa, nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa kwa majani na kufukiwa ndani ya shimo la makaa kwa siku nzima au mbili.

Watu wengi huitupia lawama shuwa. Lakini shuwa huliwa mara moja, na tena kwenye sinia la watu wengi. Kinachonenepesha zaidi ni kile kinacholiwa bila kuhesabiwa, baina ya mlo na mlo.

Tufanye hesabu. Tende moja ya kawaida ina kalori kati ya 20 na 30. Haluwa ni sukari, samli na wanga, na matonge mawili makubwa huvuka kalori 100 kirahisi. Ukila tende tatu na haluwa hiyo katika kila nyumba, kwa nyumba nane umeshapata kalori zipatazo 1,400. Mtu mzima huhitaji takriban 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima, na wewe bado hujakaa kwenye chakula cha mchana. Kopo moja la soda la mililita 330 huongeza sukari ya vijiko vidogo karibu tisa.

Je, mtu hunenepa kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwapima Wamarekani 195 kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo. Mtu atasema hicho ni kitu kidogo. Tatizo ni kwamba miezi iliyofuata hawakuipunguza. Jumlisha hiyo kwa miaka 20, na unapata zaidi ya kilo saba. Na sisi tuna Idi mbili kwa mwaka, mbali na harusi.

Oman wanalijua tatizo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima wana uzito uliozidi kiwango, na takriban 15 katika kila 100 wana kisukari. Nizwa walikuwa wameshaanzisha mradi wa maisha yenye afya tangu mwaka 1999. Serikali nayo ilitoza kodi ya asilimia 50 kwenye soda mwaka 2019, kisha mwaka 2020 ikavijumuisha vinywaji vingine vyenye sukari.

Wazee wetu walikula haluwa hiyo hiyo na samli hiyo hiyo. Ila kabla ya 1970 nchi nzima ilikuwa na kilomita 10 hivi tu za barabara ya lami. Mtu alikwenda kwa miguu au kwa punda, alipanda mitende, alivuta matanga. Leo tunatoka nyumba hii kwenda ya pili kwa gari, hata kama zimetenganishwa na ukuta mmoja. Nyama nayo ilikuwa igawiwe masikini na jirani, au ikaushwe. Siku hizi fungu kubwa huingia kwenye friza, na Idi ya siku tatu huendelea wiki tatu.

Sasa tufanye nini, na mwenyeji ameshika dele?

Hapa ndipo nilipofunzwa na binamu yangu. Oman, mtiaji kahawa ataendelea kukujazia mpaka uitikise finjani. Ukishaitikisa, amekwisha fahamu, na hapana aliyekasirika. Maana yake, desturi yenyewe ina mlango wa kutokea. Heshima ya mwenyeji imo katika kukubali, na kukubali hutimia kwa tende moja na finjani moja ya kahawa isiyotiwa sukari. Wingi ni mazoea yetu tu.

Fanya hivyo hivyo na haluwa. Onja tonge moja dogo, isifu, kisha shika finjani mkononi. Mkono wenye finjani haulazimishwi. Chagua nyumba moja ya kula vizuri, ile ya mzee wako, na kwengine onja. Kunywa maji badala ya soda. Nyumba za karibu ziendee kwa miguu, na jioni wachukue watoto mkatembee, Nizwa kwenye falaj Daris au Sur pwani. Nyama igawe siku ile ile.

Kisha jipime. Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwahusisha watu 272 wakati wa Krismasi. Waliotakiwa kupanda mizani angalau mara mbili kwa wiki na kupewa ushauri mfupi walimaliza sikukuu wakiwa wepesi kuliko wenzao kwa nusu kilo hivi. Ushauri huu unawafaa pia ndugu zetu wa Krismasi, Nairobi au London. Mwenye kisukari au anayetumia dawa asibadili chakula chake ghafla bila ya kumuona daktari.

Na wenyeji nao wana wajibu. Ukimuona mgeni ametikisa finjani, usimwambie "hujala kitu". Huenda anayo sababu asiyoweza kuitaja mbele za watu.

Nyumba ya nane ilikuwa ya shangazi yetu mkubwa, bibi aliyekwisha kupindukia miaka themanini. Alimsogezea binamu yangu sahani ya haluwa, naye akaitikisa finjani yake. Bibi akautazama mguu wake, akairudisha sahani kimya kimya, akamkatia chungwa.